Mfumo Unapokataa "Ng'ombe": Kutambua na Kuziba Upenyo wa SQL kwenye Programu za Utafiti

Mdodosaji yuko Ng'iresi, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya jiji la Arusha. Anajaza jina la kijiji kwenye kishikwambi, anabonyeza "Hifadhi", mfumo unagoma. Kesho yake yuko Tengeru na kila kitu kinapita bila shida. Jioni anapiga simu ofisini: "Kaka, mtandao wa kule mlimani ni mbovu mno."

Mtandao mbovu hauchagui maneno. Ukiona mfumo unapokea Tengeru, Usa River na Mbuguni lakini unakataa Ng'iresi, unapokea "mbuzi" na "kondoo" lakini unakataa "ng'ombe", unapokea majina ya watu wote isipokuwa yale ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w, basi acha kuhangaika na laini ya simu. Kosa liko kwenye msimbo wa programu, na ni kosa zito. Ile ritifaa (alama ya ') iliyomkwamisha mdodosaji mwaminifu ndiyo hiyohiyo inayomwezesha mtu mwenye nia mbaya kusoma majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya kila mshiriki wa utafiti wenu.

Ninawaandikia wanaosimamia takwimu kwenye miradi ya utafiti huku Arusha na Moshi: mifugo, kahawa, mbogamboga, wanyamapori, afya. Mifumo mingi tunayoirithi ni ya lugha ya PHP na kanzidata (hifadhi ya takwimu) ya MySQL, michache ni ya lugha ya Python na kanzidata ya PostgreSQL, na siku hizi zimeongezeka dashibodi za lugha ya R. Yote huiamrisha kanzidata kwa SQL, lugha ya kuomba na kuandika takwimu. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi au mshauri, mkataba wake ukaisha, akaondoka. Mfumo umebaki kwako, na dalili zake umeachiwa wewe uzisome.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua nakala kamili ya kanzidata na ya mafaili ya programu, kisha fanyia majaribio yote kwenye nakala hiyo, kwenye kompyuta ambayo haifikiki kutoka nje. Usijaribu kwenye mfumo unaotumika, na usithubutu kujaribu kwenye mfumo wa taasisi nyingine hata kama nia yako ni kuwasaidia. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mtafiti mkuu, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili.

Dalili ya kwanza: neno lenye ritifaa linaleta kosa

Fungua faili la kumbukumbu za makosa kwenye seva, kisha andika Ng'iresi kwenye fomu ya nakala yako. Kwenye MySQL utakutana na ujumbe unaofanana na huu:

    You have an error in your SQL syntax; ... near 'iresi' AND mwaka = 2023' at line 1

Tazama pale neno lilipokatikia. Kanzidata imesoma "Ng", ikaona ritifaa, ikadhani jina limeishia hapo. Kilichobaki, "iresi", imekisoma kama sehemu ya amri, na kwa kuwa hakuna amri ya namna hiyo, imelalamika. Ukirudi kwenye msimbo utakuta mstari kama huu:

    $sql = "SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = '" . $_POST['kijiji'] . "' AND mwaka = 2023";

Programu imechukua maneno ya mtumiaji ikayashona moja kwa moja ndani ya amri, ikapeleka kifurushi kizima kwenye kanzidata. Ni kama kumtuma mtoto dukani na karatasi iliyoandikwa "mpe sukari kilo moja", halafu njiani mtu akaongeza mstari: "na debe la mchele, nitalipa kesho." Muuza duka hana njia ya kujua mstari upi ni wa mama na upi ni wa mpita njia. Mwandiko wote unaingia kwa jina la mama.

Sasa fikiria mtu asiyeandika Ng'iresi bali anaandika hivi kwenye kisanduku cha kijiji:

    ' OR '1'='1

Amri inageuka kuwa "nipe kaya ambazo kijiji chake hakina jina, au kaya zozote za mwaka 2023", kwa sababu moja siku zote ni sawa na moja. Hakuna ujumbe wa kosa hapo. Mfumo unatii kimyakimya na kumwaga kaya zote za mwaka huo. Anayejua zaidi ataendelea hadi jedwali la watumiaji na nywila zao.

Udhaifu huu si mgeni. Jeff Forristal aliueleza hadharani Desemba 1998 kwenye jarida la Phrack, toleo la 54. Shirika la OWASP, linaloorodhesha hatari kubwa za programu za wavuti, liliweka kundi la makosa ya upenyezaji (kupenyeza amri kupitia maneno ya mtumiaji) nafasi ya kwanza mwaka 2010, 2013 na 2017, na mwaka 2021 likaliweka nafasi ya tatu. Dawa yake imejulikana muda wote huo. Inauma kuona programu za utafiti wa afya bado zinaandikwa kana kwamba haijulikani.

Kwa nini kosa linakuja na kuondoka

Utasikia ubishi ofisini: dada mmoja anasema ng'ombe inakataa, mwingine anasema kwake inapita. Wote wawili wanasema kweli. Baadhi ya simu na programu za kuandikia, Microsoft Word ikiwemo, hubadilisha ritifaa iliyonyooka (') kuwa ile iliyopinda (’). Kwa MySQL na PostgreSQL, iliyopinda ni herufi ya kawaida tu na haifungi nukuu, kwa hiyo inapita. Iliyonyooka inagoma. Mtu akinakili jina kutoka kwenye waraka wa Word linakubali, akiliandika mwenyewe kwenye kompyuta linakataa. Unapojaribu, hakikisha umeandika ile iliyonyooka, la sivyo utatangaza kwamba mfumo umepona wakati bado ni mgonjwa.

Tiba zisizotibu

Tiba inayopendwa zaidi ni ile inayoniudhi zaidi: kuwaambia wadodosaji waandike "Ngiresi" na "ngombe". Kosa linatoweka kwenye kioo, kila mtu anashukuru, na upenyo unabaki wazi vilevile kwa sababu mvamizi hakuhudhuria semina yenu ya wadodosaji. Juu ya hapo mmeharibu takwimu. Baada ya miezi michache jedwali lina Ng'iresi yenye ritifaa iliyonyooka, Ng’iresi ya iliyopinda na Ngiresi isiyo na chochote, na ripoti inaonyesha vijiji vitatu, kila kimoja na kaya pungufu. Mchambuzi asiyeifahamu Arumeru ataviacha hivyohivyo, na kosa litaingia kwenye matokeo yatakayochapishwa.

Tiba ya pili ni programu kufuta ritifaa yenyewe kabla ya kuhifadhi. Madhara kwa takwimu ni yaleyale, na haisaidii kabisa pale ambapo upenyo hauhitaji ritifaa, kama tutakavyoona kwenye namba. Tiba ya tatu ni kuweka ukaguzi kwa JavaScript kwenye fomu. Ukaguzi huo unafanyika kwenye kivinjari cha mtumiaji, na anayetaka kuupita hatumii fomu yako, anatuma ombi lake moja kwa moja kwenye seva. Uweke kwa ajili ya kumsaidia mdodosaji asikosee umri, lakini usiuhesabu kama ulinzi.

Ya nne ni addslashes, kazi ya PHP inayoweka mkwaju wa kinyume (\) kabla ya ritifaa. Hii imewadanganya wengi kwa sababu ng'ombe inapita na jina linahifadhiwa sawasawa. Lakini haijui seti ya herufi ambayo kanzidata inatumia. Kwenye baadhi ya seti za herufi za baiti mbili, kama GBK ya Kichina, mkwaju huo unaweza kumezwa na ritifaa ikabaki huru.

Tiba yenyewe

Amri na taarifa zisafiri kila moja kivyake. Unaiandaa amri kwanza na kuacha alama, yaani kishika nafasi, mahali ambapo taarifa itakaa, kanzidata inaisoma na kuielewa, ndipo unapeleka taarifa. Wakati huo muundo wa amri umeshafungwa. Chochote kitakachokuja, chenye ritifaa au bila ritifaa, kitahesabiwa kuwa jina la kijiji tu.

    $amri = $pdo->prepare('SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = ? AND mwaka = ?');
    $amri->execute([$_POST['kijiji'], $mwaka]);

Jambo moja ambalo watumiaji wa PDO, maktaba ya PHP ya kuunganisha na kanzidata, hulipita: kwa MySQL, PDO kwa kawaida huigiza hatua hii. Inaweka alama za mkwaju yenyewe na kutuma amri nzima kwa mkupuo. Izime hiyo, na taja seti ya herufi pale unapounganisha:

    $pdo = new PDO('mysql:host=localhost;dbname=utafiti;charset=utf8mb4', $jina, $nywila,
        [PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES => false]);

Ukikuta kazi za PHP za mysql_query bila herufi i (si mysqli_query), una tatizo la ziada. Kazi hizo ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015. Mfumo unaozitumia leo unaendeshwa na PHP ya kale, na hata 5.6, ya mwisho katika ukoo huo, iliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Panga kuhama.

Kwa Python na psycopg2, maktaba yake ya kuunganisha na PostgreSQL, tofauti kati ya salama na hatari ni alama chache tu ambazo jicho lililochoka halizioni:

    cur.execute("SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = '%s'" % jina)    # hatari
    cur.execute("SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = %s", (jina,))    # salama

Mstari wa kwanza unashona jina ndani ya amri kabla amri haijaenda popote. Wa pili unalikabidhi jina kwa maktaba kama taarifa, ikiwa imetengwa kwa mkato. Uwe mkali kwa f-string pia, yaani maandishi ya Python yanayopachikwa thamani ndani yake: zinasomeka vizuri, na kwa sababu hiyohiyo watu huzitumia kujengea amri za SQL.

Wanaoandika kwa R wengi hawajihesabu kuwa waundaji wa programu za wavuti. Lakini dashibodi ya Shiny, kifurushi cha R cha kutengenezea kurasa za wavuti, ni programu ya wavuti, na kisanduku cha kutafutia kijiji ni mlango kama mlango mwingine wowote. Mshukiwa mkuu huko ni paste0, kazi ya R inayounganisha maneno. Badala yake:

    dbGetQuery(con, "SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = $1", params = list(input$kijiji))

Hiyo ni kwa RPostgres. RMariaDB hutumia alama ya kuuliza badala ya $1. Anayependa kuandika amri ndefu anaweza kutumia glue_sql.

Ili kupata mahali pote penye mshono, tafuta ndani ya folda ya programu:

    grep -rnE 'mysqli?_query|->query\(|->exec\(|paste0\(|execute\(' .

Utapata mistari mingi, na mingi haitakuwa na kosa. Pitia mmoja baada ya mwingine ukijiuliza swali moja: je, kuna neno lililotoka nje ya msimbo linaloingia ndani ya amri? Nje ni pamoja na fomu, kiungo, kidakuzi cha kivinjari, faili la Excel lililopakiwa, na kishikwambi kinachotuma takwimu jioni. Usiruke mafaili ya kupakia Excel. Nimeona fomu zilizozibwa vizuri huku mlango wa faili ukiwa wazi kabisa, kwa kuwa fundi aliamini faili linatoka kwa mtu wa ofisini.

Dalili ya pili: kuhifadhi ni sawa, ripoti ya mwezi inakufa

Hii huja baada ya ukarabati wa nusu. Fomu imerekebishwa, Ng'iresi imeingia vizuri kwenye jedwali, mnafurahi. Mwisho wa mwezi ripoti inakatika ikifika kwenye kijiji hicho, au inatoka bila wilaya nzima.

Chanzo ni kwamba programu ya ripoti inasoma jina kutoka kwenye jedwali kisha inalishona kwenye amri nyingine. Aliyeiandika aliamini kuwa kilicho ndani ya kanzidata ni safi kwa sababu kiliingia salama. Lakini kutumia vishika nafasi wakati wa kuhifadhi hakubadilishi maneno yenyewe, na hakupaswi kuyabadilisha. Ritifaa iko palepale, ikisubiri amri ya kwanza itakayoishona. Mtu anaweza kusajili jina la akaunti lenye vipande vya SQL leo, nalo likafanya kazi wiki tatu baadaye ripoti inapoendeshwa na akaunti ya meneja, yenye mamlaka makubwa kuliko yake.

Tibu amri za ripoti kwa njia ileile. Kagua pia taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata yenyewe. Ukikuta ndani yake CONCAT (kazi ya kuunganisha maneno) inajenga amri, ikifuatiwa na PREPARE na EXECUTE bila vishika nafasi, ni kosa lilelile limehamia chumba cha ndani.

Dalili ya tatu: namba kwenye kiungo inafanya hesabu

Hapa hakuna ritifaa wala ujumbe wa kosa, ndiyo maana upenyo huu hukaa miaka. Chukua ukurasa wa mshiriki kwenye nakala yako, tuseme mshiriki.php?id=112. Sasa andika mshiriki.php?id=113-1.

Ukurasa wa mshiriki 112 ukifunguka, kanzidata imefanya hesabu ya kutoa. Maana yake imesoma ulichoandika kama amri, na upenyo upo. Ukifunguka wa 113, MySQL imepokea maneno "113-1" kama taarifa ikachukua namba ya mwanzo tu. Huo ni uzembe wa ukaguzi lakini si upenyo. Ukipata "hayupo" au ujumbe kwamba namba si sahihi, hapo ni salama zaidi.

Mara nyingi fundi atakuonyesha kuwa ametumia mysqli_real_escape_string, kazi ya PHP inayoweka mkwaju kabla ya ritifaa. Mwonyeshe kuwa id haijazungukwa na alama za nukuu kwenye amri yake, kwa hiyo hakuna nukuu ya kufunga wala ritifaa ya kuzuia. Tumia kishika nafasi, na juu yake geuza thamani iwe namba kamili kabla ya kuitumia.

Kwenye tafiti za kliniki hapa Moshi au kwingineko, ongeza swali la pili: hata kama namba ni halali, je, aliyeingia ana haki ya kumuona mshiriki huyo? Vishika nafasi havijibu swali hilo. Ni kazi ya ruhusa, na inastahili siku yake.

Dalili ya nne: baada ya kurekebisha, kupanga majedwali kumekufa

Fundi ameweka alama ya kuuliza kila mahali, sasa ukibonyeza kichwa cha safu ya "tarehe" orodha haipangiki. Watu wanamlaumu, naye anarudisha msimbo wa zamani. Asirudishe. Vishika nafasi hubeba thamani tu. Haviwezi kubeba jina la safu, jina la jedwali, wala neno DESC (kupanga kwa kushuka). Ukipeleka 'tarehe' kupitia kishika nafasi, kanzidata inapanga kwa neno moja lisilobadilika, yaani haipangi kitu.

Hapo tumia orodha ya yanayoruhusiwa, iliyoandikwa ndani ya msimbo:

    $zinazoruhusiwa = ['jina', 'kijiji', 'tarehe'];
    $ombi = $_GET['panga'] ?? '';
    $safu = in_array($ombi, $zinazoruhusiwa, true) ? $ombi : 'tarehe';

Kinachoingia kwenye amri sasa kimetoka kwako, si kwa mgeni.

Mahali pengine pagumu ni pale mtumiaji anapochagua vijiji vingi kwa pamoja na wewe unahitaji IN (sharti la SQL la "mojawapo kati ya hivi") yenye idadi isiyojulikana. Tengeneza alama za kuuliza kwa idadi ya vijiji vilivyochaguliwa, kisha peleka vijiji vyenyewe kama thamani. Usitumie funguo za orodha iliyotoka kwa mtumiaji kutengenezea majina ya vishika nafasi. Kosa la Drupal 7, mfumo wa kujengea tovuti, lililotangazwa tarehe 15 Oktoba 2014 lilikuwa hapo hasa: maktaba iliyotengenezwa kuzuia upenyezaji ilichukua funguo za mtumiaji ikaziingiza kwenye amri. Baada ya wiki mbili timu ya usalama ya Drupal ikawaambia wenye tovuti kwamba yeyote ambaye hakuwa amesasisha ndani ya saa 7 tangu tangazo achukulie kuwa ameshavamiwa.

Dalili ya tano: seva nzito usiku, maombi ya ajabu kwenye kumbukumbu

Hapa hatuulizi tena kama upenyo upo. Tunauliza kama kuna mtu anautumia. Tafuta kwenye kumbukumbu za Apache au Nginx, programu zinazohudumia kurasa kwenye seva:

    grep -iE 'union(%20|\+)|information_schema|sleep(\(|%28)|sqlmap' access.log

UNION hutumika kubandika jedwali jingine kwenye majibu yako. information_schema ni ramani ya majedwali yote. SLEEP ni ya anayechungulia bila kuona majibu: anaiambia kanzidata isubiri sekunde kadhaa kama herufi ya kwanza ya nywila ni "a", kisha anapima muda. Ndiyo maana seva inaonekana nzito. Sqlmap ni programu ya kutafutia upenyo huu, na isipofichwa hujitaja kwa jina lake.

Ukiona %27, usipige kelele mara moja. Hiyo ni ritifaa iliyoandikwa kwa namna ya kiungo, na ng%27ombe ni utafutaji halali wa mtu wa mifugo. Kuzuia kila %27 ni kuzuia Kiswahili chenyewe. Kuta za kuchuja maombi, kama ModSecurity, nazo zinaweza kumzuia mdodosaji wako kwa sababu hiyohiyo. Ziweke kama kinga ya muda wakati unatengeneza msimbo, na uzipime kwa maneno halisi ya dodoso lenu.

Kumbuka pia kuwa kumbukumbu hizi kwa kawaida haziandiki kilichotumwa kwa njia ya POST, yaani ndani ya ombi badala ya kwenye kiungo. Fomu nyingi hutumia POST. Kutokuona kitu si uthibitisho kwamba hakuna kilichotokea. Angalia pia kumbukumbu za amri zinazochelewa kwenye kanzidata, na faili la makosa.

Programu si yenu

Mkiwa mnatumia mfumo uliotengenezwa na wengine, msijaribu kuukarabati wenyewe. Sasisheni. DHIS2, programu ya taarifa za afya inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Tanzania pia, ilitoa marekebisho ya udhaifu wa aina hii mwaka 2021, na waliosasisha walikuwa wameziba. Jiandikisheni kupokea taarifa za usalama za programu mnayotumia, na barua hizo zifike kwa mtu aliyepo kazini, siyo kwenye anwani ya mtu aliyeondoka. Marekebisho mliyojiongezea wenyewe, ripoti maalumu na vipande vya msimbo vya mradi, hayo yapitieni kama nilivyoeleza juu.

Punguza mamlaka ya akaunti ya programu

Fungua faili la mipangilio. Ukikuta programu inaunganishwa na kanzidata kwa akaunti ya root, yenye mamlaka yote, badilisha leo, hata kabla ya kumaliza kupitia msimbo. Kwenye MySQL, akaunti yenye haki ya FILE inaweza kutumika kuandika faili kwenye diski ya seva pale mipangilio inaporuhusu, na kutoka hapo mvamizi anaweza kuitawala seva yenyewe.

    GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON utafiti.* TO 'programu'@'localhost';

Programu ya kukusanya takwimu mara chache inahitaji kufuta kitu, na haina haja ya kubomoa jedwali. Dashibodi ipewe akaunti yake ya kusoma tu, na isome mwonekano (view) usio na majina wala namba za simu. Na kwenye PHP zima display_errors, acha log_errors: makosa yaandikwe kwenye faili lako, yasionyeshwe kwa kila mgeni.

Kama mtu ameshaingia

Tenga seva na mtandao, lakini usiizime haraka wala usifute kumbukumbu. Nakili kumbukumbu zote mahali pengine kwanza. Badilisha nywila za kanzidata, za wasimamizi, na za watumiaji wote, na kama zilihifadhiwa kama zilivyo, tumia password_hash, kazi ya PHP ya kuficha nywila, kuanzia sasa. Chunguza folda ya mafaili yaliyopakiwa: faili la .php kati ya picha za mashamba halikufika hapo kwa bahati.

Kisha fanya kile ambacho mafundi wa biashara hawakiwazi sana lakini kwa watafiti ndicho moyo wa kazi: linganisha takwimu. Aliyeweza kusoma huenda aliweza pia kubadilisha. Chukua nakala rudufu ya kabla ya dalili za kwanza, madodoso ya karatasi kama yapo, na vishikwambi ambavyo bado vina takwimu, kisha linganisha uzito, vipimo na tarehe, si idadi ya mistari tu. Mtafiti mkuu ajue tofauti zote kabla uchambuzi wowote haujaendelea.

Mjulishe mtafiti mkuu mapema, pamoja na kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Taarifa za afya ziko kwenye kundi nyeti. Tukio kama hili lipelekwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kukawia, likieleza majedwali yapi yalifikiwa, yana taarifa gani, na watu gani wameguswa. Orodha ya walioguswa itengenezwe kutoka kwenye nakala iliyotengwa, na ishikwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, si kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mradi.

Washiriki nao waambiwe, kwa lugha wanayoitumia nyumbani, na waambiwe na mtu wanayemfahamu: muuguzi wa kliniki, bwana mifugo, au mdodosaji aliyekaa nao wakati wa dodoso. Waelezwe nini kimefikiwa, nini hakikufikiwa, na wampigie nani wakipokea simu ya mtu anayejifanya ametoka kwenye mradi.